Kibubu cha Kiboko: Jinsi Kalibu ya Jasi Inavyozaa Sanamu za Udongo kwa Wingi

Kibubu hakihitaji utambulisho kwa Mtanzania. Katika mji wa Tunduma, ambako mfanyabiashara mdogo huweza kushika shilingi asubuhi na kwacha jioni, kibubu ni benki ya kwanza ya mtoto, na mara nyingi ni ya mama yake pia. Mfinyanzi hodari anaweza kufinyanga kwa mikono kibubu chenye umbo la kiboko na kikapendeza. Tatizo huanza pale mteja anaporudi na kuomba vingine hamsini vinavyofanana na kile cha kwanza.

Kazi ya mkono mtupu haiwezi kutimiza ombi hilo kwa bei ambayo mnunuzi wa kawaida ataimudu. Ipo hata hivyo njia inayotumika duniani kote kutengeneza birika, masinki ya kunawia, vyoo vya kukalia na sanamu za wanyama. Fundi hufinyanga sanamu moja kwa uangalifu mkubwa, huitengenezea kalibu ya jasi, kisha humimina ndani ya kalibu hiyo udongo uliolainishwa ukawa kama uji. Kalibu hunywa maji ya uji huo, na udongo hubaki umeganda kwenye kuta zake kwa umbo la sanamu, katikati kukiwa na uwazi. Uwazi huo ndio unaoifanya njia hii ilingane vizuri na kibubu, kwa kuwa sanamu hutoka kalibuni ikiwa tayari ni chombo.

Ardhi inayoufahamu udongo na moto

Mkoa wa Songwe, wenye makao makuu yake Vwawa, ulianzishwa mwaka 2016 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Mbeya, nao una wilaya za Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Mkoa huu ni mpya, lakini maarifa ya udongo na moto katika eneo hili ni ya zamani. Wanyiha wa Mbozi walikuwa wahunzi mashuhuri waliojenga tanuru za udongo za kuyeyushia chuma, na walijua ni udongo gani unaostahimili joto kali na upi unaopasuka. Katika Wilaya jirani ya Kyela, mkoani Mbeya, wanawake wa Kikisi wa kijiji cha Ikombe, chini ya Milima ya Livingstone, wamefinyanga vyungu kwa vizazi vingi bila gurudumu la mfinyanzi. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi Matema, na kutoka hapo huingia katika masoko ya Nyanda za Juu Kusini.

Sanamu za udongo nazo si jambo la kigeni nchini. Mtafiti Hans Cory, aliyeitumikia serikali ya Tanganyika wakati wa ukoloni, alikusanya sanamu nyingi zilizotumika kufundishia vijana katika jando na unyago, miongoni mwake zikiwamo za wanyama, na mwaka 1956 alichapisha kitabu juu yake jijini London. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na funzo lake. Ilifinyangwa kwa ajili ya shughuli maalumu, wala haikukusudiwa kuuzwa. Kinachoongezwa na kalibu katika urithi huo ni uwezo wa kurudia umbo lile lile bila kuanza upya kila mara.

Kwa nini kiboko

Uchaguzi wa mnyama ni uamuzi wa kiufundi kabla ya kuwa wa kisanaa. Twiga, mnyama wa Taifa, humjia fundi akilini kabla ya wengine, na ndiye anayewavunja moyo wanaoanza. Miguu yake ni mirefu na myembamba, hivyo uji wa udongo huganda humo na kuziba kabla haujamwagika, na shingo yake huinama ikikauka. Kiboko ana mwili mnene, miguu mifupi na shingo isiyoonekana. Anakaa imara mezani, tumbo lake lina nafasi ya sarafu nyingi, na kwa watu wa Songwe si mgeni, kwa kuwa Ziwa Rukwa linalopakana na mkoa huu lina viboko.

Sanamu ya kwanza, ambayo hapa itaitwa sanamu mama, hufinyangwa kwa udongo ule ule wa mfinyanzi au kuchongwa kwa mbao laini. Haichomwi. Hulainishwa kwa sponji yenye unyevu mpaka isiwe na alama ya kidole isiyokusudiwa, kwa sababu kalibu hunakili kila kitu: mkunjo wa ngozi uliochongwa kwa makusudi na ukucha wa fundi uliogusa kwa bahati mbaya.

Mambo mawili huamuliwa katika hatua hii. La kwanza ni ukubwa. Udongo husinyaa unapokauka na husinyaa tena unapochomwa, na kwa udongo mwingi jumla ya kusinyaa huko ni kati ya asilimia 8 na 12. Udongo unaosinyaa kwa asilimia 10 utatoa kiboko wa sentimita 18 kutoka kwenye sanamu mama ya sentimita 20. Fundi asitumie takwimu ya kitabuni pekee, bali atengeneze kibao kidogo cha udongo wake, akichore mstari wa sentimita 10, akikaushe na kukichoma, kisha aupime mstari ule upya. Kazi hiyo ndogo huokoa hasara kubwa baadaye.

La pili ni namna sanamu itakavyotoka kalibuni. Jasi ikishaganda haipindiki. Sehemu yoyote ya sanamu iliyoingia ndani, kama vile nyuma ya sikio, chini ya kidevu au mdomo uliofunguka sana, huishika jasi kama ndoano, na sanamu haitatoka bila kuvunjika. Kwa hiyo masikio ya kiboko hulazwa karibu na kichwa, mdomo huonyeshwa kwa mfereji mdogo tu, na miguu hupanuliwa kidogo kuelekea chini. Fundi hutafuta mstari unaopita mgongoni, puani na mkiani, unaoigawa sanamu katika nusu mbili, kushoto na kulia, ambazo kila moja inaweza kuvutwa moja kwa moja. Tumbo na nafasi iliyo kati ya miguu mara nyingi huhitaji kipande cha tatu cha kalibu. Wanaoanza hupenda kukiepuka kipande hicho kwa kuiunganisha miguu ikawa kama tofali. Kiboko wa namna hiyo huuzika, lakini hana uhai wa yule aliyesimama juu ya miguu minne.

Jasi na kiu yake

Mfyatua matofali wa Tunduma anaijua kalibu vizuri, ile ya mbao inayojazwa udongo, kusawazishwa na kunyanyuliwa. Kalibu ya sanamu hufuata wazo hilo hilo, isipokuwa mbao haziwezi kunyonya maji kwa kasi na kwa usawa unaotakiwa. Jasi inaweza.

Tanzania ina jasi ya kutosha. Huchimbwa Makanya wilayani Same, Itigi mkoani Singida, na katika maeneo ya Kilwa mkoani Lindi, na sehemu kubwa huishia katika viwanda vya saruji. Ili ifae kwa kalibu, jasi husagwa na kuokwa kwa joto la nyuzi kati ya 120 na 180 za Selsiasi, ambapo hupoteza robo tatu ya maji yaliyofungwa ndani yake. Unga unaobaki ndio ule unaotumika hospitalini kufungia mifupa iliyovunjika, na ambao mafundi wa dari hutengenezea nakshi. Ukichanganywa na maji, unga huo huyarudisha maji uliyopoteza na kuwa jiwe. Maji ya ziada hukauka baadaye na kuacha vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na vitundu hivyo ndivyo vinavyoipa kalibu kiu.

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni mililita 700 za maji kwa kila kilo moja ya jasi. Maji yakizidi, kalibu hunyonya vizuri lakini huwa laini na kulika upesi. Yakipungua, huwa ngumu isiyonyonya. Jasi hunyunyizwa ndani ya maji, si maji juu ya jasi, kisha huachwa dakika moja au mbili ilowe kabla ya kukorogwa taratibu ili isishike mapovu. Povu moja lililonasa juu ya sanamu mama litakuwa kinundu juu ya kila kiboko atakayezaliwa.

Sanamu mama hulazwa ubavu na kuzungushiwa udongo laini hadi kwenye mstari wa mgawanyiko. Huwekewa ukuta wa mbao pande zote nne na kupakwa sabuni laini ili jasi isigande nayo, kisha jasi humiminwa mpaka ifunike sehemu ya juu kabisa kwa unene wa sentimita tatu hivi. Ikiganda, ambayo ni kazi ya nusu saa, kizimba chote hugeuzwa na udongo wa chini kuondolewa. Kwenye ukingo wa jasi huchongwa vishimo viwili au vitatu vya mviringo, ambavyo nusu ya pili itavijaza na kuwa vinundu, ili kila mara kalibu inapofungwa pande zake zikutane mahali pale pale. Ukingo hupakwa sabuni, na jasi ya nusu ya pili humiminwa. Mdomo wa kumiminia uji huachwa chini ya tumbo, mahali ambapo mnunuzi hataangalia.

Jasi inapoganda hutoa joto, na si joto la kuchezea. Mkono usiachwe ndani ya ndoo ya jasi inayoganda, hasa mkono wa mtoto anayetaka kupata alama ya kiganja chake, kwa sababu inaweza kuunguza vibaya. Mabaki yasimwagwe kwenye bomba la maji taka, yatagandia humo.

Kalibu mpya hukaushwa kwa siku kadhaa mahali penye upepo. Kuiweka karibu na moto ili ikauke haraka ni kosa, kwa kuwa jasi inayopashwa zaidi ya nyuzi 50 hivi kwa muda mrefu huanza kurudi kuwa unga. Mkoani Songwe, ambako mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu kuanzia Novemba hadi Aprili, ni busara kutengeneza kalibu kiangazi. Karakana isiyo na chumba kikavu inaweza kulazimika kupunguza kazi masika, si kwa kukosa wateja bali kwa sababu kalibu zimelowa na hazina tena kiu.

Uji wa udongo na siri ya magadi

Hapa ndipo wengi wanaojaribu njia hii hukwama. Huchukua udongo wa mfinyanzi, huongeza maji mpaka umiminike, hujaza kalibu na kusubiri. Kalibu hulowa upesi, ukuta wa udongo hukawia kujengeka, na sanamu inayotoka hupasuka siku ya pili kwa sababu imesinyaa kupita kiasi. Udongo ulikuwa mzuri. Maji ndiyo yaliyozidi.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni bapa na ndogo mno, na ndani ya maji hushikamana kingo kwa nyuso kama karata zilizomwagwa ovyo, zikiyafungia maji katikati yake. Ili uji wa namna hiyo utiririke huhitaji maji yanayokaribia uzito wa udongo wenyewe. Kikiongezwa kiasi kidogo cha dawa yenye sodiamu, chembe husukumana badala ya kushikana, maji yaliyofungwa huachiliwa, na uji mzito hulainika ghafla mbele ya macho kana kwamba umeongezwa maji. Kilo 100 za udongo mkavu zinaweza kumiminika kwa lita 42 tu za maji. Uji wa namna hiyo una uzito wa takriban kilo 1.76 kwa lita, na njia rahisi ya kuukagua ni kujaza chombo cha lita moja na kukiweka kwenye mizani ya dukani.

Dawa zinazotumika viwandani ni silikati ya sodiamu na kabonati ya sodiamu. Hii ya pili ina ndugu yake katika majiko mengi ya Tanzania: ni magadi, yale yanayolainisha maharage na kande. Magadi yanayokusanywa ziwani yana kabonati hiyo, lakini mara nyingi yamechanganyika na chumvi, na chumvi hufanya kinyume kwa kuuganda uji. Kwa hiyo anayeanza na magadi ya sokoni ayajaribu kwanza katika kikombe kimoja. Kiasi kinachohitajika ni kidogo sana, kwa kawaida chini ya nusu ya asilimia moja ya uzito wa udongo mkavu, na kinapozidishwa uji hugeuka kuwa mzito tena. Fundi asiyejua hilo huongeza zaidi, na kuuharibu wote.

Udongo wenyewe huandaliwa kwa kulowekwa siku kadhaa, kukorogwa na kuchujwa kwa chekecho lenye matundu madogo au kwa kitambaa, ili mchanga, mizizi na changarawe vibaki. Udongo mwekundu wa matofali unaweza kufaa baada ya kuchujwa, ingawa mwingine una chumvi au chokaa inayoleta madoa na nyufa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao yake Dodoma, ina maabara inayopima sampuli. Kwa anayekusudia biashara ya muda mrefu, gharama ya kipimo kimoja ni ndogo kuliko ya tanuri moja lililoharibika. Wanaotaka rangi nyeupe huchanganya kaolini, madini ambayo yanapatikana kwa wingi katika vilima vya Pugu, karibu na Dar es Salaam.

Dakika kumi na tano

Nusu za kalibu hufungwa kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya gurudumu, na uji humiminwa kwa mkondo mmoja usiokatika. Fundi akisitasita, mstari wa mahali aliposita utaonekana kwenye ubavu wa kiboko. Kadiri jasi inavyokunywa, uji hushuka mdomoni na kuongezwa. Baada ya dakika 10 hadi 20, kutegemea udongo na ukavu wa kalibu, ukuta wa milimita nne hadi sita huwa umejengeka. Fundi huukata ukingo wa mdomo kwa kisu na kuupima kwa macho. Ukiridhisha, kalibu hupinduliwa na uji uliobaki humwagwa katika ndoo kwa matumizi mengine.

Usawa wa ukuta huo ndio faida kubwa ya njia hii. Sanamu iliyofinyangwa ikiwa nzito katikati hukauka nje kabla ya ndani, na moto huifanya ipasuke. Hata kiwanda cha Meissen nchini Ujerumani, kilichotengeneza sanamu kubwa za wanyama kwa kaure katika miaka ya 1730 kwa ajili ya kasri la Mfalme Augustus mjini Dresden, kilitoa nyingi zenye nyufa za moto ambazo bado zinaonekana katika makumbusho. Huko udongo ulikandamizwa kwa mkono ndani ya kalibu, na unene wake haukulingana kila mahali.

Kiboko hubaki kalibuni saa moja au mbili mpaka ajitenge na jasi. Anapotolewa ana ugumu wa jibini, na hapo mkono wa fundi hurudi kazini. Mistari ya maungio hukwanguliwa na kufutwa kwa sponji. Macho huchorwa. Tundu la sarafu hukatwa mgongoni kwa urefu, si kwa upana, na ncha zake huviringwa, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia kwenye pembe kali. Urefu wa tundu hupimwa kwa kutumia sarafu ya shilingi 500, iliyoingia katika mzunguko mwaka 2014, na kuongezwa nafasi ya kusinyaa: tundu la milimita 40 litabaki 36. Mdomo wa chini huzibwa kwa kipande cha udongo ule ule kilichogandishwa kwa uji. Wapo wanaouacha wazi na kuweka kizibo cha mpira, lakini kibubu chenye kizibo ni nadra kufika Desemba kikiwa na kitu. Kilichozibwa kabisa hulindwa na tundu la sarafu kiingiapo motoni, kwa sababu mvuke hupata mahali pa kutokea.

Ukaushaji ni wa taratibu, chini ya nailoni siku ya kwanza na kivulini siku zinazofuata, kwa wiki moja au zaidi. Kipande kikiwekwa shavuni na kuhisiwa baridi, bado kina maji.

Moto nao hauna haraka. Joto hupandishwa polepole sana hadi livuke nyuzi 100, kwa sababu maji yaliyojificha yakigeuka mvuke kwa ghafla hulipua sanamu na kuharibu jirani zake. Kati ya nyuzi 400 na 600 huondoka maji yaliyo sehemu ya udongo wenyewe, na kufikia nyuzi 573 chembe za mchanga ndani yake hupanuka kwa mruko mmoja. Jambo hilo hutokea tena, kwa kinyume, wakati wa kupoa, na ndiyo maana tanuri lililofunguliwa mapema hutoa mlio wa kupasuka. Udongo mwekundu hutosheka na nyuzi 1,000 hivi. Uchomaji wa wazi wa vyungu, wa nyasi na kuni, hupanda kwa kasi mno kwa sanamu iliyozibwa. Linahitajika tanuri lenye kuta, hata la matofali ya kawaida, na moto unaodhibitiwa. Pumba za mpunga kutoka bonde la Momba zinaweza kupunguza matumizi ya kuni, na makaa ya mawe ya Kiwira, wilayani Ileje, yanaweza kutumika iwapo sanamu zimefunikwa zisiguswe na moshi.

Rangi ya kung'aa, yaani glezi, si lazima kwa kibubu. Anayeitumia ahakikishe haina risasi, kwa kuwa mtoto atakishika kibubu hicho kila siku. Vumbi la udongo mkavu na la jasi lisifagiliwe bali lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na anayekwangua sanamu zilizokauka avae barakoa. Ugonjwa wa mapafu utokanao na vumbi la silika hukawia miaka mingi kuonekana na hauna tiba ya kuuondoa.

Mtaji, haki na soko

Hesabu ya karakana huongozwa na kalibu, si na udongo. Kalibu moja hutumika mara mbili au tatu kwa siku kabla haijalowa, kisha hupumzishwa. Kikundi chenye kalibu kumi za kiboko kinaweza kutoa viboko ishirini kwa siku bila kuharakisha, ilhali chenye kalibu moja hakina biashara hata kikiwa na wanachama kumi. Kwa hiyo fedha za mwanzo ni vyema ziende kwenye jasi na tanuri kabla ya kwenda kwenye jengo.

Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, kwa mgawanyo wa asilimia 4, 4 na 2. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 ili kuboresha utaratibu wa utoaji na urejeshaji wake, na ikarejeshwa Julai 2024. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, hutoa mafunzo na ushauri wa teknolojia kwa wazalishaji wadogo.

Kalibu huleta pia kishawishi. Kwa kuwa inaweza kunakili chochote, ni rahisi kununua sanamu ya mtu mwingine, kuifunika kwa jasi na kuanza kuiuza. Kufanya hivyo bila ridhaa ya msanii kunavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Sheria hiyo hiyo inamlinda mfinyanzi wa Tunduma dhidi ya atakayeinakili kazi yake Kariakoo, na ushahidi ulio bora ni sanamu mama yenyewe, michoro yake na picha zenye tarehe.

Kuhusu soko, tahadhari inahitajika. Tunduma hupitisha malori mengi yaendayo Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na tangu Oktoba 2019 Kituo cha Utoaji Huduma kwa Pamoja Mpakani, cha Tunduma na Nakonde, kimerahisisha ukaguzi. Dereva wa lori hata hivyo si mtalii, na sanamu ya pambo haitamsimamisha. Kibubu kinaweza kumsimamisha, kwa kuwa ana mtoto nyumbani. Wageni wanaokwenda Ndolezi, Mbozi, kukiona Kimondo chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 12 ni kundi jingine, na nakala ndogo ya Kimondo, isiyo na masikio wala miguu ya kunasa, ni miongoni mwa maumbo mepesi zaidi kutengenezewa kalibu. Kwa shehena ya kuvuka mpaka kibiashara, cheti cha uasili wa bidhaa kinachotolewa na TCCIA humwezesha mzalishaji kunufaika na unafuu wa ushuru ndani ya SADC.

Jirani zetu wamekwisha kuonyesha kwamba udongo mdogo unaweza kulisha watu wengi. Kazuri ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa shanga za udongo zilizotengenezwa na akina mama wachache, imekuwa mwajiri wa mamia. Ardmore ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, iliyoanza mwaka 1985, inajulikana duniani kwa vyombo vya udongo vilivyopambwa kwa sanamu za wanyama. Zote mbili zilisimama juu ya mkono wa fundi anayemalizia kila kipande, na kalibu haiondoi hitaji hilo. Viboko ishirini waliotoka katika umbo moja hutofautishwa na macho wanayochorwa, na mnunuzi huchagua mmoja kati yao kwa sababu hiyo.

Kalibu yenyewe huzeeka. Baada ya kutumika makumi ya mara, mikunjo ya ngozi huanza kufifia, ukingo hupukutika, na chembe za jasi huingia katika udongo, ambamo hulipuka vijitundu baada ya kuchomwa. Karakana makini huandika tarehe na idadi ya mimino ubavuni mwa kila kalibu kwa penseli, na huitupa kabla haijaanza kuharibu. Sanamu mama ya udongo mbichi kwa kawaida huwa imevunjika wakati wa kutengeneza kalibu ya kwanza, hivyo kiboko wa kwanza wa kalibu hiyo hahesabiwi kuwa bidhaa. Humiminwa kwa jasi badala ya uji wa udongo, kalibu ikiwa imepakwa sabuni ndani, na kiboko huyo wa jasi, mwenye ukubwa kamili wa yule aliyefinyangwa kwa mkono, huwekwa rafuni akisubiri siku itakapohitajika kalibu mpya.